Kisu Hakitoki Mezani

Kuna watu wanasahau. Asubuhi wanatukanwa, jioni wanamchekea aliyewatukana na kumuuliza habari za watoto. Mimi sikuumbwa hivyo. Ukinikanyaga kidole leo, siku ya mazishi yako nitakuja nikichechemea. Ndiyo maana nakumbuka vizuri siku Kufuli alipochukua kisu cha shangazi yangu. Nakumbuka nani alisimama wapi, na nani aliinama akijifanya anafunga kamba za viatu huku amevaa ndala.

Kufuli ni jina tulilompa sisi. Alikuwa msimamizi wa kambi ya wapima barabara, wale wanaotangulia porini kabla ya matingatinga. Barabara unayopita ukisinzia kwenye kiti, jua kwamba kuna watu walilala kwanza chini ya turubai, wakafyeka, wakapima, wakala maharage yenye wadudu. Siku ya kukata utepe hao hawaitwi. Haya, hasira hiyo tuiache, ina siku yake.

Huyu bwana alifunga kila kitu. Sukari ilikuwa na kufuli, mafuta ya taa yalikuwa na kufuli. Hata choo chake kilikuwa na kufuli, utadhani kuna mtu angeiba kilichomo. Magunia ndiyo yaliyomshinda, maana gunia halina komeo. Basi akabuni dawa yake. Akishatupimia chakula cha siku, alishona mdomo wa gunia yeye mwenyewe, kwa sindano ya magunia na uzi wa buluu uliokaa mfukoni mwake saa zote, kisha akamalizia kwa fundo nene lenye mikia miwili, fundo ambalo hakumfundisha mtu. Kesho yake alilichungulia kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa.

"Naona halijaguswa," alisema.

"Limelala salama, baba," Shangazi alijibu. "Hata kukoroma halikukoroma."

Shangazi ni dada wa baba yangu, na ndiye alikuwa mpishi mkuu. Mimi alinichukua jikoni baada ya mdomo wangu kunifukuzisha kazi kila nilikoingia. Mwingine jikoni alikuwa Kijiko, muosha vyombo, baba wa watoto wanne, mwili mwembamba na kichwa kikubwa. Ukimwona kwa mbali amesimama utaelewa jina lilikotoka. Yeye na mimi tulimenya, tukakatakata, tukabishana. Shangazi alipika.

Vidole viwili vya mkono wake wa kulia viligoma kukunjika zamani, kwa sababu ya kukanda unga kwenye baridi ya makambi ya watu. Visu vya dukani vilimteleza. Kwa hiyo alikuwa na chake, alichotengenezewa na mhunzi kwa kipande cha springi ya lori: bapa pana, jeusi, zito kidogo mbele ili kabichi likubali lenyewe. Mpini aliuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukanenepa pale ambapo vidole vyake havikunjiki na kukonda pale vinapokunjika. Ukikishika wewe, unaona kama umevaa kiatu cha mtu. Akikishika yeye, huoni mkono unaishia wapi.

Kuhusu visu alikuwa na dini yake. Kambini, alisema, usibebe duka zima. Beba kisu kimoja kipana cha nyama na kabichi, kimoja kidogo cha kumenyea, na panga la kuni, na panga likigusa nyama utakula wewe na kuni zako. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma kwa hasira, nacho kinatafuta pa kukimbilia. Usikiache kwenye beseni la povu kimsubiri mwenzako. Ukinoa, usimuulize mtu kama makali yamekolea. Weka kisu juu ya nyanya bila kukandamiza, nyanya itakujibu. Na jikoni mwake kisu hakikupokelewa mkono kwa mkono. Unakiweka ubaoni, mwenzako anakichukua ubaoni.

"Kwa nini, Shangazi?" niliuliza siku zangu za mwanzo.

"Kwa sababu ubao hauna kinyongo."

Kufuli naye akaenda likizo, akarudi na kisu. Nani asingekiona? Alikifunga pajani kama mtu anayekwenda vitani na mbuzi. Kilikuwa na meno mgongoni, dira kwenye kitako cha mpini, na ukifungua kitako unakuta ndoana ya kuvulia samaki, sisi ambao maji ya kuoga tulipimiwa kwa bakuli. Akaja nacho jikoni kutuonyesha. Akalipiga kabichi, meno yakanasa, akalinyanyua juu lote zima likining'inia kama kichwa cha adui.

"Hiki ni chuma cha kisasa," akasema, akilitikisa lidondoke.

Kijiko akanong'ona, "Kinajua kaskazini, lakini kitunguu hakikijui."

Kazi pekee ambayo kisu kile kilifanya vizuri ni kukata uzi wa buluu.

Sasa lilikuwepo gunia moja tuliloliita la wageni. Sisi tulikula maharage yaliyotobolewa na wadudu, unakuta chungu kina nyama ambayo hukuinunua. Yale mazuri, mekundu, makubwa kama kidole gumba, yaliwekwa kando yawasubiri wakubwa kutoka makao makuu watakapokuja kukagua kazi. Siku moja mchana Kufuli akalifungua, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kutazama kama yamepata unyevu, akaridhika, akalishona tena, akafunga fundo lake. Tulimwona wote. Kisha akaenda kulala.

Alipoamka, kisu chenye dira hakipo pajani.

Ndugu zangu, nimeona upekuzi maishani mwangu, lakini ule ulikuwa na chumvi ya ziada. Alipekua mahema yetu, siyo ya wapimaji. Alikoroga sufuria ya mchuzi kwa mwiko akivua kisu. Alimwamuru Kijiko avue kofia, kana kwamba mtu anaweza kuficha dira kichwani. Hakukipata. Akapanda juu ya kreti, akatuita wote.

"Wezi wapo jikoni," akasema. "Basi visu vyote vinakuja kwangu. Mtatumia viwili nitakavyowapa mimi. Kuanzia leo, kisu hakitoki mezani. Na kisu kingine kikionekana kambini, mwenye nacho anaondoka siku hiyo hiyo. Mmenisikia?"

Akashuka, akamnyooshea Shangazi kiganja. Shangazi alimtazama, akafuta kisu chake kwa upindo wa kanga, pande zote mbili, akakilaza ubaoni.

"Kichukue hapo, baba."

Akakichukua. Mimi nilifungua mdomo, Shangazi akanikanyaga mguu. Ndicho kidole cha kwanza nilichokanyagwa ambacho sikukihesabu.

Visu viwili tulivyopewa vilitoka kwenye boksi la zawadi, vinang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu kwa kujitazama. Kufuli alitoboa mipini yake, akaifunga kwenye mguu wa meza ya jikoni kwa mnyororo. Mnyororo ulikuwa wa mbwa, na mfupi. Ukitaka kukata nyanya, ni lazima uiname kama unayemwamkia mkwe. Mkono wa Shangazi ukateleza siku ya kwanza, ukateleza ya pili, na ya tatu akajikata kidole kimojawapo kati ya vile vinavyofanya kazi.

Hilo ndilo Kufuli alilokuwa akilingojea. Akaja akasimama mlangoni pa turubai, mikono nyuma.

"Mama, umri umekwenda. Nimeshazungumza na makao makuu kwenye redio ya upepo, nimewaeleza na habari ya wizi. Wageni wakija, gari lao litamleta mpishi mwingine. Wewe utarudi nalo."

"Mpishi yupi, baba?"

"Shemeji yangu. Amesomea hoteli."

Kisu kikawa kimefika kwenye mfupa. Shangazi hakuwa na nyumba nyingine zaidi ya jiko lile. Angerudi wapi? Kwa wanangu mimi, ambao mimi baba yao nilikuwa nikila kwa jasho lake? Hapo nikaona imetosha. Nikapanda juu ya gogo nyuma ya jiko, nikamhutubia Kijiko. Nikataja kila dhuluma tangu kambi ya kwanza. Nikataja siku tuliyonyimwa viti, nikataja buti za mvua zilizoletwa zote za mguu wa kushoto. Nikasema tugome, moto usiwashwe, na wapimaji wale ramani zao.

Kijiko akapiga makofi. "Umemaliza?"

"Bado."

"Basi ukimaliza uniamshe."

Shangazi alikuwa amekaa pembeni akitusikiliza. Tangu siku ile ya upekuzi aliacha kreti lake la kukalia, akahamia juu ya gunia la wageni. Alisema mgongo unamuuma. Kufuli alifurahi sana. "Kaa hapo hapo, mama," alimwambia. "Angalau unalilinda." Mimi moyo uliniuma. Mwanamke aliyewahi kumkimbiza fisi kwa mwiko, leo mlinzi wa maharage ya wakubwa!

"Shuka, mwanangu," akaniambia. "Hotuba haikati kitunguu."

"Kwa hiyo tukae kimya?"

"Tutii."

"Shangazi!"

"Amesema kisu hakitoki mezani. Kisitoke. Amesema gunia ni la kufunguliwa na yeye. Alifungue yeye. Siku ya wageni wewe funga mdomo, utii mpaka jasho likutoke. Unaweza?"

Nikasema naweza. Nilidanganya kidogo, lakini nilijitahidi.

Siku ya wageni Kufuli aliamka na shati jeupe na haraka. Akawahi njia panda kuwapokea, gari lisije likapotea. Akatuachia maagizo huku anakimbia. "Nikirudi nataka chakula mezani! Maharage, viazi, kabichi, na ule mguu wa mbuzi!" Gunia la wageni hakulifungua. Nikamtazama Shangazi. Shangazi akatazama mawingu.

"Tumkumbushe?" Kijiko akauliza.

"Mimi nani hata nimkumbushe msimamizi?" Shangazi akasema, akajiweka vizuri juu ya gunia. Furushi lake la nguo lilikuwa limeshafungwa, liko kando ya miguu yake.

Wakaja karibu na saa ya kula. Mkurugenzi alikuwa mama mnene mwenye buti za porini zilizochakaa kweli, siyo za kuazima, na alikuwa na njaa. Aliingia pua ikiwa mbele. Nyuma yake walikuja wahandisi wawili, dereva, na kijana mmoja mwenye aproni nyeupe iliyopigwa pasi, huyo shemeji wa hotelini. Kufuli akawakaribisha mezani, akapiga makofi tulete.

Tukaleta.

Tulileta viazi vilivyochemshwa na maganda yake na udongo wake kidogo. Tukaleta kabichi zima, limechemshwa, limekaa katikati ya sinia likitoa moshi kama mlima. Vitunguu vizima vilizunguka kama walinzi. Mguu wa mbuzi ulikuja mzima, umechomwa vizuri, kwato ikiwa inaelekea kwa Mkurugenzi.

Shemeji akatazama kabichi, kabichi likamtazama.

"Hiki ni nini?" Kufuli akasema kwa sauti ya chini, ile inayotoka puani.

"Chakula, baba," Shangazi akasema kwa heshima zote.

"Kwa nini hakikukatwa?"

"Kisu hakitoki mezani, baba. Meza ya jikoni ni ile kule. Hapa ni meza ya kulia. Wageni wakipenda, wapite huku, mnyororo unafika."

Mkurugenzi akanyanyuka na mguu wake wa mbuzi, akaenda jikoni. Tukamfuata kwa mstari, kila mtu na kiazi chake. Akauona ule mnyororo. Akainama, akashika kisu kinachong'aa, mnyororo ukalia, nyama ikateleza, akainama zaidi, akakata kipande kimoja, akanyooka ameshika kiuno.

"Nani amefunga visu kama mbwa?"

"Mimi, mheshimiwa," Kufuli akasema, "kwa sababu ya wizi. Ile taarifa niliyowapa. Wapishi hawa waliiba kisu changu, cha kisasa, chenye dira."

Ulimi uliniwasha. Nilijing'ata. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na mimi sikuwa na kisu, nilikuwa na meno tu.

"Na maharage?" Mkurugenzi akauliza. "Nimeahidiwa maharage njia nzima."

"Maharage yamo humu, mama," Shangazi akasema, akanyanyuka kutoka kwenye gunia polepole, kama mtu anayeondoka kwenye kiti cha enzi. "Lakini gunia ni la msimamizi. Anashona mwenyewe, anafungua mwenyewe. Sisi hatuligusi."

"Si ungekata uzi!" Kufuli akafoka.

"Kwa kisu gani, baba? Na fundo lako je? Kesho si ungesema tumeiba maharage?"

Dereva akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Kufuli akaamuru gunia liburutwe hadi kwenye mnyororo. Mimi na Kijiko tukaliburuta. Akashika kisu.

"Subiri, baba," Shangazi akasema. "Usikate kabla hujalikagua fundo. Mbele za wageni, isije ikasemwa."

Na yule bwana, kwa kuwa alipenda kulikagua fundo kuliko alivyopenda kula, akainama, akalishika lile fundo lenye mikia miwili, akalivuta huku, akalivuta kule.

"Halijaguswa," akatangaza. Kifua kikapanda. "Fundo hili ni langu, mheshimiwa, hakuna mwingine anayelijua. Tangu nilipolifunga, mkono wa mtu haujaingia humu."

"Una hakika?" Mkurugenzi akauliza, njaa ikiongea.

"Naapa."

Akakata. Mimi na Kijiko tukalipindua gunia kwenye sinia kubwa. Maharage yakatiririka, mekundu, mazuri, makubwa kama kidole gumba. Kisha gunia likakohoa kitu kigumu. Kikaanguka juu ya maharage, meno juu, dira ikitetemeka.



Dakika ile nikayaona yote kama yanatokea tena. Kufuli anakata uzi kwa kisu chake, anakilaza juu ya maharage ili aingize mkono, anaridhika, anatoa sindano, anashona. Mtu aliyeogopa kuibiwa mpaka akajishonea kisu chake mwenyewe.

Kijiko akainama, akaitazama dira. "Jamani," akasema, "kumbe kaskazini ni huku kwenye maharage."

Basi tena. Dereva alikaa chini. Mhandisi mmoja alilia machozi halisi. Mimi niliyeagizwa kufunga mdomo niliufunga, lakini ilitoka sauti nyingine ambayo siwezi kuiandika. Mkurugenzi peke yake hakucheka. Alimtazama Kufuli, akautazama mnyororo, akalitazama lile furushi la nguo lililofungwa kando.

"Mama," akamwambia Shangazi, "furushi hilo la nani?"

"Langu. Nimeambiwa narudi na gari lako."

"Lifungue. Nataka kula maharage yako, na maharage yanachukua muda. Unahitaji nini?"

"Kisu changu."

Kufuli akaenda hemani kwake. Alikawia. Aliporudi, alikuwa amekishika kisu cha Shangazi, na mimi nikajua kwa nini alikawia. Makali yalikuwa na mapengo. Kwa kuwa hakuwa na kisu chake, bwana aliyetuita wezi alitumia hiki hiki kukatia waya na kufungulia makopo ya rangi. Kwenye bapa lile jeusi kulikuwa na tone jeupe. Nalikumbuka lile tone. Nitalikumbuka nikiwa sina meno.

Akamnyooshea. Shangazi akakunja mikono yake kifuani.

"Chukua, mama."

Shangazi akatazama mnyororo, akatazama meza, akamtazama yeye. Kufuli alibaki amenyoosha mkono hewani, mpaka Kijiko, kwa huruma ambayo mimi nisingekuwa nayo, akamsogezea ubao. Akakiweka. Hapo ndipo Shangazi alipokichukua.

Mnyororo ukafunguliwa siku ile. Shemeji, kwa kuwa alikuja kupika, akapewa viazi amenye, na kwa kuwa visu vilikuwa vichache, tukampa kile chenye dira. Alimenya kwa moyo wote. Ganda likitoka, lilitoka na nusu ya kiazi. Akarudi na gari, na kwa habari nilizopata, hotelini kwake hakuna aliyeamini alichosimulia. Kufuli hakufukuzwa. Watu wa namna yake hawafukuzwi, huhamishwa wakapumzike penye kivuli. Lakini hilo lilikuja baadaye, na nimelihifadhi.

Mchana ule, maharage yakiwa motoni, nilimsogelea Shangazi.

"Shangazi, ulijua?"

"Nilikaa juu yake siku ile ile. Makalio haya yamekalia magunia tangu hujazaliwa, yanajua harage na yanajua chuma."

"Siku zote hizo? Na kidole umejikata, na mimi nahutubia magogo! Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia peke yake angesema nimekitia mimi. Nilitaka aape kwanza." Akanitazama kwa upande. "Na wewe ningekuambia, fisi wa porini wangejua kabla ya jioni."

Kuna matusi ya kweli.

Akakaa kwenye kreti lake, akaweka jiwe la kunolea mapajani, akaita bila kuinua uso, "Baba! Njoo na maji."

Kufuli akaja na kopo. Mkurugenzi alikuwa pale kwenye kivuli amekunja mikono, kwa hiyo akachuchumaa. Shangazi akaanza kunoa, upande huu, upande ule, taratibu, na kila mara jiwe lilipokauka Kufuli alimwaga maji. Shati lake jeupe likapata madoa ya kijivu. Maharage yakaanza kunukia. Akachoka magoti.

"Mama, si sasa kimekolea?"

"Usiniulize mimi. Iulize nyanya."

Kijiko akaleta nyanya, akaiweka ubaoni. Kufuli akakichukua kisu, akakilaza juu yake bila kukandamiza, kama alivyoelekezwa. Tukainama wote kutazama. Nyanya ikabonyea kidogo, ikarudi ilivyokuwa.

"Imesemaje?" Shangazi akauliza.

Kufuli akarudisha kisu ubaoni, akalichukua kopo lake.